«Where's the One?»: nani anauliza swali hili?

Bandugu, tunapenda kusema Kongo ni nchi ya muziki, lakini tukisema vile kichwani iko paka rumba: Franco, Tabu Ley, Papa Wemba, mpaka Fally. Leo ninaleta disiki ya upande mwingine kabisa: Where's the One? ya Congotronics International, iliyotoka mwaka 2022 kwa Crammed Discs ya Bruxelles. Ni albamu ndefu, yenye tamaa kubwa, ya wanamuziki karibu ishirini. Kwangu inafaulu zaidi ya nusu. Na pale inaposhindwa, inashindwa kwa namna inayotuhusu sisi pia.

Nani iko ndani? Upande wetu kuna Konono N°1, kikundi cha Papa Mawangu Mingiedi, Muzombo, watu wa kule mpakani na Angola, ambacho kilianza Kinshasa miaka ya 1960. Kuna pia Kasai Allstars, wanaounganisha Baluba, Basonge, Batetela, Balulua na Baluntu. (Mliotazama filamu Félicité ya Alain Gomis, ya mwaka 2017, mulishawasikia.) Upande wa pili kuna Deerhoof wa San Francisco, Juana Molina wa Ajentina, Wildbirds & Peacedrums wa Uswidi, Skeletons wa New York, na wengine. Bale ni watu wa rock ya pembeni, wasiotafuta sana redio. Mwaka 2011 walipanda jukwaa moja na kuzunguka Ulaya na Japani. Wakati ule kundi liliitwa Congotronics vs Rockers, utafikiri ni Mazembe na V.Club. Ile «vs» ilikuja kuondolewa, na vizuri.

Ili kuelewa kwa nini watu wa rock walivuka bahari kwa ajili ya likembe, lazima kuanza na kelele. Likembe ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba unavyopiga na vidole gumba. Sauti yake ni ndogo. Kinshasa, na magari, jenereta na baa kila kona, nani atakusikia? Papa Mingiedi akatengeneza mikro zake mwenyewe na sumaku za vyuma vya magari ya zamani, akaongeza megafoni. Sauti ikatoka kubwa, lakini imechafuka, inakwaruza. Ule uchafu haukutafutwa. Ulikuja na kile kilichopatikana, nyuma ukakuwa ladha. Sasa, mpiga gitare wa rock ananunua vyombo vya bei kali ili apate kabisa uchafu ule. Disiki Congotronics ilipotoka mwaka 2004, walisikia mtu aliyefika mbele yao kupitia njia ingine. Mwaka 2007 Björk akawaita Konono kwenye wimbo wake «Earth Intruders».

Lakini kupenda sauti ni kitu kimoja, kucheza nayo ni kingine. Jina la albamu lenyewe linauliza: ile pigo la kwanza iko wapi? Mtu wa rock amekomea ndani ya moja, mbili, tatu, ine. Anataka kujua mahali pa kuangusha mguu. Kwa Konono, likembe ya chini inazunguka, ya kati inaingia pake, ya juu pake, na mwanzo unategemea unafuata nani. Anayecheza dansi haulizi. Kwa hiyo, muone vizuri: albamu imepewa jina kwa swali la wageni. Ni ukweli wao, na ninaheshimu kwamba hawakuficha. Lakini inaonyesha pia disiki hii inasikilizwa kutoka mlango gani. Swali la Papa Mingiedi lingekuwa lingine, labda: munanisikia?

Pale wageni wanapoacha kuhesabu, njo albamu inapanda. Juana Molina anafaa kuliko wote, kwa sababu miaka mingi amejenga nyimbo zake kwa kurudia kipande kimoja mpaka kibadilike chenyewe. Alikuwa karibu na likembe mbele hata ya kuikuta. Greg Saunier wa Deerhoof anapiga ngoma kama mtu anayekata maneno katikati, na ile inasaidia: hafungi mzunguko, anauacha wazi.

Tatizo ni kujaa. Sisi wa agronomia tunajua: mahindi na maharagwe yanaweza kukaa shamba moja, na maharagwe yanasaidia udongo kupata azoti. Lakini ukibana mistari, mahindi yanakula jua lote, na chini utavuna majani. Kuna dakika nyingi humu ambapo gitare na ngoma za rock ni mahindi. Likembe iko pale, ukiitafuta utaipata, lakini haiongozi tena. Inakuwa rangi juu ya wimbo wa mtu mwingine. Ningekata robo ya disiki bila huruma.

Kitu kingine kinaniumiza, ni muda. Kati ya 2011 na 2022 ni miaka kumi na moja. Papa Mingiedi alikufa mwaka 2015. Albamu kubwa ambayo isingekuwepo bila mikro zake, hakuishika mkononi.

Na sisi? Wengi wetu tukisikia likembe tunasema «ile mambo ya kijijini», tunabadilisha. Basi mu chumba kimoja unakuta kijana wa Lubumbashi na Mswidi, wote biko wageni. Tofauti ni kwamba Mswidi alifanya mazoezi.

Mukiisikiliza, musitumie spika ya telefone, likembe ya chini inapotea kabisa, mutafute ekuta. Muanze na «Banza Banza». Na wale munaosikia Tshiluba ao Otetela, muandike hapa chini wazee wa Kasai wanaimba nini, maana mpaka sasa disiki hii imezungumziwa sana kwa mapigo yake, maneno hakuna anayeyauliza.