Injini Nyekundu ya Mjomba: Tamu kwa Macho, Chungu kwa Kemia

Msomaji, kwenye blogu hii tumezoea kuhakiki vitabu na filamu za sayansi. Leo naomba nihakiki injini, au niseme rangi iliyopakwa kwenye injini.

Injini yenyewe ni ya Volkswagen Beetle ya miaka ya sitini, mali ya mjomba wangu. Unaijua, lile gari la mgongo wa kobe ambalo injini yake iko nyuma. Beetle ndiyo iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962, kwa hiyo ukilipitisha mtaani wazee wanasimama. Mjomba amelifufua kwa miaka miwili, na fedha iliyoingia humo shangazi hataki hata kuisikia. Sasa ukifungua boneti ya nyuma unakutana na wekundu mtupu. Bati la feni, bloku, silinda, eksozi, vyote vyekundu na vinang'aa kama pipi.

Wageni wanapiga picha. Mimi niliinama, nikapitisha kitambaa chenye petroli kidogo juu ya bati la feni. Kitambaa kikarudi chekundu.

"Kopo limeandikwa nyuzi 650, mpwa wangu," mjomba akasema. "Wewe na digrii zako unataka nini zaidi?"

Basi tuanzie kwenye hiyo 650, maana ndiyo inayowaponza wengi. Tunadhani rangi inayostahimili joto kubwa zaidi ndiyo imara zaidi. Kumbe sivyo. Rangi nyingi za joto kali zimetengenezwa kwa utomvu wa silikoni. Ukizipulizia zinakauka juu juu kwa sababu thina imepaa, lakini molekuli zake bado hazijashikana sawasawa. Ili zishikane zinahitaji kuokwa, mara nyingi hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Kwenye eksozi hilo linatokea lenyewe, kwa sababu gesi inayotoka humo ina joto la mamia ya nyuzi. Bati la feni je? Hilo linapitiwa na hewa ya kupozea, halifiki hata nyuzi 100. Kwa hiyo rangi ya mjomba haijawahi kuiva. Ni chapati iliyotolewa jikoni mbichi: kwa macho imekamilika, ukiigusa inanata. Tone la petroli likidondoka, inalainika.

Rangi ichaguliwe kwa joto la sehemu yenyewe. Eksozi ipewe silikoni, kisha ipashwe moto kwa hatua kama kopo linavyoelekeza. Bati lipewe enameli ya injini, ile ya nyuzi 150 hadi 250, ambayo inaiva bila kuokwa na inavumilia oili. Namba ndogo, kazi bora.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kupaka kila kitu. Bloku ya Beetle imetengenezwa kwa aloi ya magnesi, na kiwandani haikupakwa rangi. Rangi nyeusi ilikuwa kwenye mabati. Magnesi ni metali yenye hasira. Rangi ikipulizwa juu yake bila praima inayoifaa haidumu, inabanduka kama ganda la ndizi. Na kuna fundi aliyemshauri mjomba aisafishe kwanza kwa dawa ya kutu. Dawa nyingi za kutu ni asidi ya fosforasi. Asidi hiyo kwenye chuma inafanya kazi nzuri, lakini kwenye magnesi inakula metali yenyewe na kutoa hidrojeni. Vile viputo alivyofurahia kuviona, akidhani uchafu unatoka, ilikuwa ni bloku yake inayeyuka taratibu.

Na mapezi ya silinda? Hapa nataka nimtendee haki mjomba, kwa sababu kuna watu wamemtisha kwamba rangi itaunguza injini. Tupige hesabu. Rangi inapitisha joto vibaya mno ukilinganisha na chuma, ni kweli. Lakini tabaka jembamba, tuseme sehemu ya kumi ya milimita, linaongeza asilimia chache tu kwenye ugumu ambao joto linakutana nao likitoka kwenye chuma kwenda hewani. Hewa yenyewe ndiyo kikwazo kikubwa. Kwa hiyo koti moja jembamba halina neno. Mjomba alipiga makoti manne mazito, hadi michirizi imejaa katikati ya mapezi. Hapo anaziba njia ya hewa, na injini hii haina rejeta ya kumwokoa.

Maandalizi nayo hayakuwa mazuri. Bati lilifutwa kwa petroli na tambara lile lile mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni kuhamisha grisi kutoka kona moja kwenda nyingine. Kuna kipimo kisichogharimu hata shilingi: nyunyiza maji safi kwenye chuma ulichokisafisha. Yakijikusanya kama shanga, bado kuna mafuta. Yakitandaa kama utando, umefika. Kausha haraka, hasa kama uko pwani kama sisi, maana chumvi na unyevu vinaleta kutu kabla hujamaliza kuchanganya rangi.

Mpaka hapa hasara ni ya mjomba na mfuko wake. Kinachoniuma zaidi ni kijana aliyepuliza. Praima yake ilikuwa ya kuchanganya na hadina, na hadina za namna hiyo mara nyingi zina isosayaneti. Ukungu wake ukiingia mapafuni unaweza kukuachia pumu ya kudumu. Tena unaweza kuwa hewani kwa kiwango cha kudhuru bila wewe kusikia harufu yoyote. Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, unadai mtu apate mafunzo kabla ya kuzitumia kazini. Kijana wetu alikuwa amefunga fulana puani, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama gereji yako haina, chagua enameli isiyo na hadina na upulizie mahali pa wazi, ukiwa na barakoa ya kuchuja mvuke wa rangi. Na ile rangi kuukuu unayoiondoa, isugue kwa msasa wa maji, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi na vumbi lake ni sumu.

Hukumu yangu? Kama mapambo, injini hii inapendeza, sibishi. Kama ufufuaji, imeshindwa: haifanani na iliyotoka kiwandani na haitadumu kama ile. Nilimwambia mjomba hivyo hivyo, kwa adabu. Alinyamaza, akachukua kitambaa changu, akakitazama ule wekundu kwa muda mrefu.

Jumamosi tunaanza kubandua. Bloku itabaki na rangi yake ya kijivu, mabati yatarudi kuwa meusi. Kijana yule atakuwepo pia. Safari hii tutafanyia kazi nje, chini ya mwembe, na barakoa nimenunua mimi.