Mpira Kwanza, Chuma Baadaye

Gari dogo likiletwa kwa malalamiko kwamba linalala kwenye kona, fundi mmoja wa mtaa wa Majengo, mjini Goma, haingii chini yake mara moja. Humwomba mwenye gari ashuke, akaukalia usukani mwenyewe, akalipitisha polepole juu ya mawe ya volkano yaliyo mbele ya gereji, gurudumu moja juu ya jiwe na la pili chini. Kisha hurudi akapita mahali ambapo magurudumu yote mawili ya mbele yanapanda pamoja. Akisikia mgongano wa chuma mara ya kwanza na kimya mara ya pili, ameshajua pa kuanzia. Bare ya chini, ile ambayo wenzetu wa Dar es Salaam huiita stabilaiza, haina kazi magurudumu mawili yanapopanda sawasawa. Huzunguka tu ndani ya mipira yake. Gurudumu moja likipanda peke yake ndipo inapojinyonga na kuuvuta upande wa pili, na hapo ndipo linki inayoiunga na gurudumu, ikiwa imechakaa, hujitangaza.

Nimekaa sana kwenye benchi la gereji hiyo, mara nyingi bila kuwa na gari la kutengeneza. Siku moja alikuja kijana na Toyota Vitz, akiwa ametazama kwenye simu magari ya mashindano yakikata kona yamesimama wima.

"Papa, nataka uniwekee bare kubwa. Ile nene kabisa."

Mzee alimwangalia, akaweka mikono juu ya ukingo wa mlango, akalisukuma gari upande mmoja na kuliacha lirudi lenyewe.

"Mwanangu, mpira kwanza. Chuma itakuja nyuma."

Katika maneno hayo machache naiona kazi yake nzima. Gari likilala kwenye kona, mara nyingi kosa si la bare. Bushi mbili za mpira zinazoishika bare kwenye mwili wa gari zimepanuka, linki zimelegea, shokapu zimechoka, kwa hiyo gari huinama kwanza kabla chuma hakijapata cha kushika. Ukiweka bare nene juu ya mipira iliyolegea, umenunua kelele. Fundi wa haraka atakuuzia chuma kwa sababu chuma kinaonekana na kina bei. Mzee huyu huanza na kitu ambacho mteja hatakiona tena gari likishashuka chini.

Bushi hizo huzikata mwenyewe, na hapo ningependa msomaji akae kidogo. Huchagua tairi kuukuu la lori, la aina ya zamani lenye nyuzi za nailoni, kwa kuwa la siku hizi lina waya za chuma zinazokula kisu na baadaye hula bare yenyewe. Hukata kipande kwenye sehemu nene, akakitumbukiza katika bakuli la maji ya sabuni. Kisu nacho hukilowesha kila anaporudi kukata, kwa sababu mpira mkavu hukamata kisu na kukipotosha njia. Anatoboa tundu la katikati dogo kuliko bare, kwa makusudi, kisha analipanua kidogo kidogo kwa patasi ya duara, akijaribu, akitoa, akijaribu tena, mpaka bare inaingia kwa kusukumwa na kiganja bila nyundo. Pembeni anapasua mpasuo mmoja ulionyooka ili bushi iweze kuvishwa. Grisi haigusi, maana mafuta huulainisha mpira na kuuvimbisha. Nati za mwisho hazikazi gari likiwa juu ya jeki. Hulishusha kwanza lisimame kwa uzito wake, akalala kwenye gunia na kuzikaza hapo hapo chini, kifua chake karibu kinagusa injini. Nimewahi kuona bushi zake zikitolewa baada ya muda mrefu wa barabara zetu. Zilikuwa zimeng'aa ndani, lakini tundu lilikuwa bado la duara.

Ustadi huo wa kisu haukuzaliwa katika gereji. Goma ni mji wa chukudu, kile chombo cha mti cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Kabla sijajua gari ni nini nilikwisha kujua sauti ya magurudumu yale ya mti yakiteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, kabichi na makaa, dereva ameweka goti moja juu ya ubao na mguu wa pili ukining'inia tayari kusukuma au kuzuia. Mafundi wa chukudu walilivika gurudumu la mti ngozi ya tairi, na waliikata kwa kisu kilicholoweshwa maji, vile vile. Walijua pia jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui: mzigo ukiwekwa juu sana, hakuna usukani utakaokuokoa kwenye kona. Nakumbuka mzee wa chukudu akimfokea mwanawe kwa sababu alikuwa amepanga magunia kwa urefu badala ya kuyalaza, akamfanya ashushe yote jua likiwa kali na kuyapanga upya. Mji umeisimamishia chukudu sanamu kubwa katikati ya barabara zake, na ni haki yake. Ninachosikitikia ni kwamba tumeipa sanamu heshima kuliko mafundi walio hai.

Mipira ikiwa sawa na gari bado linainama kupita kiasi, ndipo mzee huongeza chuma, na huongeza kwa ubahili. Bare ya milimita 20 ikibadilishwa na ya milimita 22, jicho halioni tofauti, lakini ukaidi wake wa kukataa kunyongwa hupanda karibu nusu nzima. Yeye hajafundishwa hesabu ya kipeo cha nne inayoeleza jambo hilo. Ana kipimo cha chuma kilichofutika namba na kanuni yake ya kutovuka milimita mbili. Anajua barabara zake. Bare nene huyafunga magurudumu mawili kuwa ndugu wasioachana: jiwe likipiga la kushoto, la kulia linatikisika pia, na kwenye lami iliyolowa gurudumu la ndani ya kona linaweza kupoteza mshiko. Ukiikaza mbele kupita kiasi, pua ya gari hukataa kugeuka. Ukiikaza nyuma kupita kiasi, mkia hutaka kukupita. Nyuma ya magari mengi madogo mhimili wenyewe hujinyonga na kufanya kazi hiyo, na mzee hauongezei kitu ila kwa sababu nzito.

Na haunganishi bare kwa moto. Kwake hilo ni katazo. Chuma hicho ni cha jamii ya springi, kimepikwa kiwandani kipinde na kurudi. Ukikigusa kwa moto wa kuchomelea unakiua mahali pale, na kitakatika siku ambayo unakihitaji, kwenye mteremko, gari limejaa watu.

Ni wazi kwa nini kazi hii ilikomaa hapa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, na watu wa Goma wakarudi kusawazisha mawe yale na kuendesha magari juu yake. Ilikuwa imeshuka pia mwaka 1977, ikashuka tena Mei 2021 ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji. Ukivuka mpaka kwenda Rubavu, lami inapanda vilimani kuelekea Musanze kwa kona baada ya kona. Gari la mtu wa Goma linadaiwa mambo mawili yanayopingana: lilegee juu ya mawe, lisimame imara kwenye lami. Kupata kipimo cha katikati si jambo la kununua dukani.

Lakini tazama tunavyofanya sasa. Gari linainuliwa kwa spesa chini ya springi ili lisigonge mawe, uzito wake unapanda juu, linaanza kuyumba kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja, na linki zinazovutwa pembe isiyo yake zinakatika. Badala ya kuzirudishia, watu wanaiondoa bare kabisa. "Toa tu, itatembea." Kweli inatembea, kwa sababu barabara iliyonyooka haiulizi kitu. Nimeona bare hizo zimetupwa nyuma ya gereji, nyingine zimefanywa mitaimbo ya kuvunjia mawe ya kujengea nyumba, na mwenye gari anabeba watoto wake wa shule bila kujua kilichotolewa chini ya miguu yao. Hilo linanikasirisha kuliko umaskini wetu. Umaskini ulimfundisha mzee kukata tairi kwa uangalifu. Hili ni jambo lingine, ni kutojali.

Tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukanyamaza, wenye magari wanatafuta nafuu ya leo tu, na sithubutu kuwalaumu wote. Ila gereji ya Majengo imebaki bila mwanafunzi. Vijana waliokuwa wakilowesha kisu wamekwenda kwenye pikipiki, ambako fedha huonekana jioni ile ile. Tairi za nailoni zimekuwa adimu, naye anazihifadhi chini ya kitanda chake. Macho yake yameanza kupungua. Siku hizi hupima tundu la bushi kwa kidole cha mwisho. Bado anapima vizuri. Ningependa mtu mwenye mtoto aliyemaliza shule na hana kazi ampeleke pale mwezi huu, aketi kando ya lile bakuli la maji ya sabuni, kidole hicho kikiwa bado kinajua.