Po, Ko na Mo: Uhakiki wa Picha za Angani, kutoka Gbadolite hadi Kiwanja

1.0 Utangulizi

Picha zinazopigwa kutoka angani zimekuwa utanzu wenye kanuni zake. Mwaka 1999 Mfaransa Yann Arthus-Bertrand, aliyejifunza kazi hii akiwa katika puto juu ya mbuga ya Maasai Mara, alichapisha kitabu La Terre vue du ciel, yaani dunia ionekanavyo kutoka angani. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilitoa programu ya Google Earth, iliyotokana na kazi ya kampuni ndogo iliyoitwa Keyhole. Tangu hapo mwanafunzi mwenye kompyuta huweza kukaa Goma akatazama ikulu za marais, majumba ya wafalme na nyumba za waimbaji mashuhuri.

Jina la Keyhole, lenye maana ya tundu la ufunguo, linastahili kuzingatiwa. Achunguliaye katika tundu la ufunguo huona yaliyomo chumbani. Atazamaye kutoka angani huona paa. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na kwamba sarufi ya Kiswahili inampatia mhakiki istilahi za kuieleza.

2.0 Mahali katika sarufi na katika picha

Kiswahili hugawa mahali katika sehemu tatu. Po huonyesha mahali mahususi, ko huonyesha mahali pasipo dhahiri au pa mbali, na mo huonyesha ndani. Kiswahili kisemwacho Kivu ya Kaskazini, ambacho aghalabu huacha kiambishi tamati -ni, hakijapoteza mgawanyo huu. Husemwa ku soko na mu nyumba, na msikilizaji hutambua mara moja kama anaelekezwa upande fulani au anaingizwa ndani.

Kwa kipimo hiki, picha ya angani ni bingwa wa po. Hutaja mahali kwa uhakika ambao msimulizi yeyote hawezi kuufikia. Lakini haina mo, na kasoro hiyo haimwathiri kila atazamwaye kwa kiasi kimoja.

3.0 Nyumba ya mkubwa

Mkubwa ajengaye kasri hujenga ili atazamwe. Mfano ulio wazi ni Gbadolite, kaskazini mwa Kongo, ambako Mobutu Sese Seko alijijengea makasri pamoja na uwanja wa ndege wenye njia ndefu iliyoweza kupokea ndege ya Concorde. Majengo hayo yaliporwa mwaka 1997, na mwenyewe akafariki Morocco Septemba mwaka huohuo. Hata hivyo, ukitazama kutoka juu, ramani ya makusudi yake bado inasomeka: njia ya ndege iliyonyooka katikati ya msitu, barabara na viwanja vya kasri. Goma nako alikuwa na makazi kando ya Ziwa Kivu, ambayo baada yake yalitumiwa kwa miaka mingi kama ofisi ya gavana wa jimbo.

Picha ya angani, basi, humtendea hisani mwenye nguvu. Huhifadhi alichokusudia, na hunyamazia gharama yake. Mtazamaji huona bustani. Haoni mishahara ambayo haikulipwa wakati bustani ikimwagiliwa maji.

4.0 Faida ya kutazama kutoka juu

Haitakuwa haki kuukana utanzu mzima. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipolipuka, lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Aliyekuwa mjini aliona moto wa mtaa wake tu. Ni picha ya angani iliyoonyesha mkondo mzima, mweusi, kutoka mlimani hadi majini. Hapa ko na po zilitosha kumweleza msomaji jambo ambalo shahidi mmoja hakuweza kulieleza. Lakini zilitosha kwa sababu lililoelezwa lilikuwa jiwe.

5.0 Kiwanja

Takriban kilomita 70 kaskazini mwa Goma, katika wilaya ya Rutshuru, upo mji wa Kiwanja. Neno lenyewe, katika matumizi ya kawaida, lina maana ya ardhi iliyotengwa kwa ujenzi, au mahali pa wazi. Ndivyo picha ya angani inavyouonyesha mji huu: mapaa madogo ya mabati, barabara na mashamba. Hakuna kasri wala mnara ambao jicho litauchagua.

Tarehe 4 na 5 Novemba 2008, baada ya mapigano na Mai-Mai, wapiganaji wa CNDP waliingia katika nyumba za mji huu na kuwaua raia. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa kuwa wasiopungua 150. Kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa ilikuwa karibu. Gazeti la New York Times liliripoti Desemba mwaka huo kwamba askari hao hawakuwa na upelelezi, wala mkalimani wa kuwawezesha kuelewana na wenyeji.

Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulizindua mjini Goma ndege zake za kwanza za upelelezi zisizo na rubani. Jicho la angani lilipatikana. Yumkini lingeonyesha mwendo wa wapiganaji barabarani. Lakini mauaji ya Kiwanja yalifanyika milangoni na vyumbani, na waliojua ni nani anayegongewa mlango walikuwamo humo, wakisema Kiswahili na Kinyarwanda. Palipokosekana mkalimani, ukaribu wa kambi haukuwa na faida. Kambi ilikuwapo, haikuwamo.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba picha ya angani hueleza vyema kasri na jiwe, ila humpunguza mtu wa kawaida hadi abaki paa. Mji wa Kiwanja, uliotekwa na M23 mwaka 2012 na tena Oktoba 2022, utaendelea kutazamwa kutoka juu, na picha zake zitasomwa na watu wasioufahamu. Wajibu wa idara za Kiswahili haumaliziki kwa kufasiri majina ya mahali yaandikwayo juu ya picha hizo. Wanafunzi wanaotoka Rutshuru waandike maelezo yake wenyewe, kwa lugha ya nyumbani, mtaa kwa mtaa, maana bila maelezo ya mtu aliyekuwamo, picha ya Kiwanja itabaki kuwa picha ya kiwanja tu.