Maduara Mekundu Juu ya Ramani Nyeusi

Tarehe 22 Januari 2020, Ensheng Dong, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, pamoja na mwalimu wake Lauren Gardner, waliifungua kwa umma dashibodi ya korona, ugonjwa uliokuwa ndiyo kwanza unavuka mipaka ya China. Takwimu zilikuwapo, ila zimetapakaa huku na huko. Siku za mwanzo waliziingiza kwa mkono.

Kilichoonekana kwenye kioo kilikuwa kichache. Ramani ya dunia yenye giza, juu yake maduara mekundu. Penye wagonjwa wengi, duara kubwa. Kushoto jumla ya walioambukizwa, kwa tarakimu nene, na orodha ya nchi. Kulia vifo. Mtu mwenye hofu huuliza ugonjwa umefika wapi na umekamata wangapi, na hapo alijibiwa kabla hajagusa kitufe chochote. Huo ni ustadi wa hali ya juu.

Lakini swali hubadilika. Jumla haipungui kamwe, kwa hiyo maduara yalizidi kunenepa hadi Ulaya na Marekani zikafunikwa na wekundu. Kufikia hapo watu walitaka kujua wapi maambukizi yanapanda na wapi yanashuka, jambo ambalo ramani ile haikuweza kulisema. Grafu ya wagonjwa wapya wa kila siku ndiyo iliyolisema.

Jambo hilo la kuonyesha kupanda na kushuka, muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alilishughulikia mwaka 1858, kwa wino na karatasi. Katika mchoro wake wa vifo vya askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea, kila mwezi una kipande chake, kama keki iliyokatwa, na ukubwa wa eneo ndio kiwango cha vifo. Buluu ni maradhi yanayozuilika, nyekundu ni majeraha. Januari 1855 maradhi hayo yaliua askari 2,761. Majeraha yaliua 83. Buluu inaimeza nyekundu. Kisha, kando yake, mwaka uliofuata, baada ya mifereji ya maji machafu kusafishwa na wodi kupata hewa: vipande vinasinyaa sana. Waziri asiye na subira ya kusoma majedwali angeiona hoja yote kwenye ukurasa mmoja.

Dashibodi ya Johns Hopkins ilisimamishwa tarehe 10 Machi 2023. Mitambo ilikuwa mizima. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa yameacha kutoa takwimu kila siku, na ramani ikakosa namba mpya za kuonyesha.