Sikio Lisilohesabiwa: Mahadhi, Lugha na Ufundishaji wa Arudhi katika Bara ya Mombasa

Katika madarasa yetu ya fasihi, shairi hufundishwa kwa kalamu na kidole. Mwanafunzi huonyeshwa mshororo, akahesabu mizani nane za ukwapi na nane za utao, akapigia mstari vina vya kati na vya mwisho, kisha akaitaja bahari kwa idadi ya mishororo aliyoikuta. Akikamilisha hayo, husemwa kwamba amejua arudhi. Makala haya yanakusudia kulihoji jambo hilo, tena kutoka mahali ambako si desturi kulihojia, yaani katika uchunguzi wa ubongo na usikivu, ambao kwa muda wa miaka arobaini na zaidi umefichua mambo yanayomhusu mwalimu wa ushairi kuliko anavyodhani. Mfano wetu ni bara ya Mombasa: Likoni, Kisauni na Changamwe. Ni eneo dogo, lakini masikio ya watoto wake yamefundwa kwa njia nyingi mno.

Tuanze na lugha. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walionyesha kwamba mtoto mchanga wa wazungumzaji wa Kiingereza, akiwa na miezi sita hadi minane, huitambua tofauti iliyomo katika Kihindi baina ya /t/ ya menoni na /t/ ya kukunja ulimi. Afikapo miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi huwa hawaitambui tena. Msomaji ajuaye Kimvita atatabasamu, kwani Kimvita nacho kina /t/ ya menoni na /t/ ya ufizini, tofauti ambayo Kiswahili sanifu hakikuiwekea herufi. Kina pia mpumuo unaotenga tembo la mnazi na tembo wa mwituni, kaa la moto na kaa wa ufukweni. Mtoto wa Changamwe aliyelelewa kwa Kijaluo au Kikamba, kwa kuwa baba yake aliletwa na kazi ya bandari au ya reli, huyakuta maneno hayo kitabuni yakiwa mamoja, naye huyasoma vivyo hivyo. Tusimwite mzito wa kuelewa. H. E. Lambert alipochapisha maelezo yake ya Chijomvu na Kingare mwaka 1958, alituachia ushahidi kwamba hata Mombasa yenyewe haikuwa na sikio moja. Kijitabu hicho kinastahili wasomaji wengi kuliko kilichopata.

Kidatu cha sauti nacho kina habari yake. Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache za Kibantu zilizopoteza toni. Chidigo, jirani yake wa Likoni, bado inazo. Basi mtoto wa Likoni mwenye lugha zote mbili hukisikiliza kidatu kwa namna mbili: katika Chidigo kinashiriki katika ujenzi wa neno lenyewe, na katika Kiswahili kinabaki kuwa kiimbo cha sentensi. Mwaka 2005 Krishnan na wenzake walipima mwitikio wa shina la ubongo, sehemu ya chini kabisa inayopokea sauti kabla ya fikira kuanza, wakaona kwamba wazungumzaji wa Kichina cha Mandarin walifuata mkondo wa toni kwa uaminifu kuliko wazungumzaji wa Kiingereza. Mwaka 2007 Wong na wenzake wakaona jambo la kushangaza zaidi: Wamarekani wasiojua Kichina, lakini waliosomea muziki kwa miaka mingi, walizipokea toni hizo hizo vizuri kuliko wenzao wasiosomea. Kumbe lugha na muziki hubisha mlango mmoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watafiti hao, au na mazoea yao. Wanaposema “aliyesomea muziki”, wana maana ya mtu aliyefundishwa ala kwa miaka kadhaa na mwalimu anayelipwa. Kwa kipimo hicho, takriban kila mtoto wa Likoni ataingizwa katika kundi la wasiofundwa. Na tumtazame huyo asiyefundwa. Asubuhi au jioni yumo chuoni, akijifunza tajwidi, ambamo madd hupimwa kwa harakati mbili, nne au sita, na anayeipunguza huambiwa arudie. Hakuna mwalimu wa chuo atakayekubali jambo hilo liitwe muziki, nami siliiti hivyo. Hata hivyo sikio haliulizi jina la somo. Limefundishwa kugawa muda wa sauti, na limefundishwa kwa ukali. Mtoto huyo huyo husikia vugo harusini na, kama kwao ni Udigoni, ngoma za sengenya. Mwenzake wa Kigiriama aliyeko Kisauni amekulia penye kayamba. Jedwali la mtafiti humwandikia kila mmoja wao sufuri.

Kisauni pana mfano mwingine, nao unafundisha kwa kasoro yake. Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875, ilileta nyimbo za kanisani zenye mahadhi ya Kiingereza. Mahadhi hayo mengi humalizia kifungu kwa pigo zito. Neno la Kiswahili hufanya kinyume: mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hulegea. Mfasiri akipatanisha idadi ya silabi tu, pigo zito huiangukia silabi legevu, na neno hutamkwa kama mgeni anavyolitamka. Karatasini hesabu ni sawa sawa. Kosa limo sikioni, na wanakwaya walioimba nyimbo hizo tangu utotoni hawalisikii tena. Mazoea hutia upofu kama yanavyotia nuru.

Nisieleweke kwamba najiunga na wale wanaouza muziki kama dawa ya akili. Katika jaribio la Schellenberg la mwaka 2004, watoto wa miaka sita waliofundishwa muziki walipanda kwa pointi saba hivi katika kipimo cha akili, na wasiofundishwa wakapanda kwa pointi zaidi ya nne. Tofauti ipo, lakini ni ndogo. Sala na Gobet walipokusanya tafiti 54 na kuzichambua pamoja, mwaka 2020, waliona kwamba penye majaribio yaliyopangwa kwa uangalifu faida hiyo karibu hutoweka. Kwa hiyo sitamwambia mzazi wa Changamwe kwamba ngoma itamfaulisha mwanawe katika hisabati. Dai langu ni jembamba: sikio lililozoezwa muda na kidatu lafaa kwa kazi za muda na kidatu, na arudhi ni kazi ya namna hiyo.

Tazama Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyotolewa mwaka 1971 pamoja na utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin. Jina lenyewe latosha, kwa kuwa malenga ni mtungaji na ni mwimbishi pia. Tungo za Ahmad Nassir ziliimbwa na jamaa yake, Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na mengi ya mahadhi ya mwimbaji huyo yalitoka katika filamu za Kihindi. Mahadhi yametoka Bombay, maneno ni ya Mvita, na mshororo haukuvunjika. Kilichouokoa ni mizani, si kwa kuwa ni hesabu ya silabi, bali kwa kuwa ni ahadi ya muda: kila silabi imepewa nafasi yake, na wimbo wowote uheshimuo nafasi hizo waweza kuubeba. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya 1988, alikwisha kutukumbusha kwamba tungo hizi ni za kuimbwa. Ubishi juu ya mashairi huru, uliopamba moto tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, uliendeshwa kwa sehemu kubwa kana kwamba karatasi ndiyo makao ya shairi, na vitabu vya shule vikaurithi udhaifu huo bila kuurithi utamu wake.

Ningependa basi mwalimu afanye jaribio dogo, lisilohitaji chombo chochote. Achukue ubeti wenye mizani kamili, apunguze silabi moja katika mshororo wa tatu, kisha asiuandike ubaoni, auimbe. Wanaohesabu kwa vidole watangoja uandikwe. Yule mtoto wa chuo wa Kisauni, ambaye hurudishwa mwanzo wa aya kila anapoikata madd, atageuza shingo kabla mwalimu hajafika kwenye kina.