Kukagua Nyumba ya 1:87

Kampuni ya Faller, iliyoanzishwa mwaka 1946 huko Gütenbach, Ujerumani, huuza majengo ya kupamba njia za treni za modeli yakiwa vipande vya plastiki, mnunuzi ajiunganishie kwa gundi. Kila aliyenunua boksi moja hupata stesheni ileile. Ndiyo maana wajuzi huongeza vyao: mabango ya kuchapa, mabomba ya waya, mapazia ya karatasi. Ukitaka kumtambua fundi, usihesabu alivyoongeza. Angalia unene wa vitu hivyo.

Katika kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, mtu mzima ana urefu wa milimita 20 hivi. Waya wa milimita 1 uliowekwa kuwa bomba la kushusha maji ya mvua ni sawa na bomba la karibu sentimita 9, na hapo hakuna neno. Waya huohuo ukiufanya mshikio wa ngazi umeharibu kazi, maana hakuna kiganja kitakachouzunguka. Wengi hukwama hapa, tena wenye mikono mizuri tu.

Mabango ndiyo yanayofichua zaidi. Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa takriban milimita 0.1, ambao kwa kipimo hiki ni kama milimita 9. Kwa kibao kilichopigiliwa misumari, sawa. Lakini tangazo lililopakwa rangi moja kwa moja ukutani halina unene. Fundi hulisugua kwa msasa mwepesi upande wa nyuma mpaka karibu litoboke, hulibandika kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha huligandamiza kwa brashi hadi mistari ya matofali ijitokeze juu ya herufi. Mulika taa kutoka ubavuni. Ukiona uzi mweupe pembeni mwa tangazo, ujue hakupitisha hata penseli ya rangi.

Vya printa ya 3D vikague kwenye miinamo, si kwenye kuta zilizosimama wima. Tabaka la milimita 0.2, kwa kipimo hiki, huacha ngazi za milimita 17 juu ya paa. Printa ya resini yenye tabaka la 0.05 huacha za milimita 4 tu, na rangi huzimeza. Mimi hata hivyo huchoshwa na mapipa matano ya resini yaliyofanana kama mapacha. Heri matatu ya mkono, moja limebonyea.

Madirisha yakiwa na ukungu, supagluu imeyapulizia mvuke wake. Washa taa za ndani: ukuta ukiwaka wote, aliyejenga hakuupaka rangi nyeusi kwa ndani. Kutu nayo iwe na chanzo, msumari au kiungo cha bomba, na itiririke kuelekea chini.

Kisha inama utazame msingi unapokutana na ardhi. Ufa wa nusu milimita pale ni pengo la zaidi ya sentimita 4. Panya anapita bila kuinama.