Kigari Kilichojifunza Kutulia

Anayeteremka kutoka Bahati hadi lango la Lanet, akaingia Hifadhi ya Ziwa Nakuru, humtazama simba kwa namna moja tu: dirishani mwa gari, kutoka juu. Mpigapicha Mwingereza Will Burrard-Lucas alitaka kumwona kutoka chini, uso kwa uso, kwa lenzi inayodai ukaribu ambao mtu akiuthubutu ataliwa. Mwaka 2009 akaunda kigari cha magurudumu manne kinachoendeshwa kwa rimoti, akafunga kamera juu yake, akakiita BeetleCam, akakipeleka Tanzania.

Tembo walikishuku. Tembo hapendi kufuatwa na kitu asichokijua, hata kiwe kidogo kuliko wayo wake. Basi fundi akaacha kuwafuata. Akawa anakitanguliza kigari kwenye njia yao, anakisimamisha, kisha anangoja waje wenyewe. Kwangu, ufundi hasa uko hapo kuliko kwenye mota na betri: kujua wakati wa kutoigusa rimoti.

Simba naye alikirukia, akakibeba kwa meno hadi kichakani. Kamera iliharibika, lakini kadi ya picha ilisalimika. Burrard-Lucas alipokuja Maasai Mara mwaka 2011, alikuwa na kigari kilichovikwa gamba gumu. Nalistahi sana gamba hilo. Kazi yake ni kustahimili tu: mnyama akitaka kunusa na anuse, akitaka kung'ata na ang'ate, akichoka aende zake bila jeraha.

Mavuno makubwa ya subira hiyo yalipatikana Tsavo. Huko, akishirikiana na shirika la Tsavo Trust na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), alimpiga picha F_MU1, tembo jike wa miaka zaidi ya 60 ambaye pembe zake zilifika karibu na ardhi. Muda mfupi baadaye tembo huyo alikufa kifo cha kawaida. Picha zilitoka mwaka 2019 katika kitabu *Land of Giants*.

Mwalimu wa sayansi wa Bahati, kazi hii wanafunzi wako wanaiweza. Mota, betri, magurudumu manne na simu kuukuu yenye kamera vinatosha kuanzia. Chombo kama hicho hakiingizwi mbugani bila idhini ya KWS, lakini ng'ombe wa maziwa hawakosekani hapa kwetu, nao hushtuka wakiona kitu kigeni. Waache vijana wako waanzie zizini.